Hongera, Hatua Elfu Nne

Mkononi, juu, pale kanzu inapoficha,
nimebandikwa kidude cha duara.
Kinanusa sukari damuni
na kuipeleka simuni kila dakika tano
kama jirani mmbea.
Chini yake nimevaa saa. Saa hii haijali ni saa ngapi.
Inajali kama nimekaa.

Aliyenifunga ni Thuraya, mtoto wa dada yangu Azza.
Anasomea ubongo chuo kikuu, hapa hapa Al Khoudh;
kutwa anatazama picha za vichwa vya watu
vikiwaka manjano na kijani,
na jioni hupita kwangu kunipima kwa macho.
"Mjomba," aliniambia, "ubongo haupendi halua.
Unapenda kuingojea.
Sahani inapofunuliwa, kijiko hakijazama bado,
hapo ndipo dopamini inapopiga vigelegele.
Ukishameza, sherehe imekwisha,
umebaki wewe na kongosho lako."
Nikamwambia, basi niachieni sahani niitazame tu.
Hakucheka.

Mimi Khalfan bin Mbarouk, mstaafu wa posta,
miaka thelathini na moja nikigonga mihuri,
sikuzoea kugongwa mimi.
Lakini kwenye akdi ya kijana wa Sleyum, kule Seeb,
mkono ulipoelekea bakuli, zafarani ikinukia,
saa ilinitetemekea mfupani, mara mbili,
na niliokaa nao wakadhani nina simu ya dharura.
Nikarudisha mkono. Nikanywa kahawa chungu, bila tende.
Nilijiona shujaa mpaka magharibi.

Halafu Julai. Nyuzi arubaini na sita, nani atatembea?
Simu ikasema: zimebaki hatua elfu tatu na mia tisa.
Nikaivua saa nikamfunga mjukuu wangu Qais,
miaka sita, injini isiyo na breki.
Akapanda ngazi, akashuka, akamkimbiza paka wa jirani
mpaka jikoni na kurudi,
nami kwenye kochi, miguu juu, kiyoyozi usoni.
Kengele ndogo ikalia. Nyota zikamiminika kiooni:
Hongera, Khalfan! Hatua elfu nne!

Na hapa ndipo ninapoona haya:
moyo wangu ulifurahi.
Sikuinuka, najua. Miguu ilikuwa ya nani, najua.
Bado kitu fulani nyuma ya paji la uso
kiliipokea hongera ile kama mshahara.

Usiku nikampigia Thuraya, nikaungama.
Alinyamaza kwanza.
"Sasa umeelewa somo langu lote," akasema.
"Usigombane na ubongo, mjomba, ni mtoto wa peremende.
Mbadilishie peremende.
Viatu viweke mlangoni, katikati ya njia.
Bakuli lipandishe rafu ya juu, nyuma ya unga.
Na usitegemee kuwa mtu mwema saa kumi alasiri.
Saa kumi alasiri hakuna mtu mwema."

Nikaviweka viatu. Siku ya kwanza niliviruka.
Ya pili nilivisukuma kwa kisigino.
Ya tatu Qais alinivalisha kimoja, mguu wa kosa.

Lipo swali ambalo simu haijanijibu:
anayeipiga kengele hiyo,
kesho akiipiga mlangoni kwa duka lake,
si nitakwenda vilevile, mkia ukitikisika?
Thuraya naye hana jibu.
Alisema, "Ndiyo maana bado nasoma."

Juzi, baada ya isha, saa ilikata chaji.
Nikaiacha ukutani ikinyonya umeme.
Nilikuwa natoka kutupa taka tu,
viatu vikanikwaza, nikavivaa,
nikauzunguka mtaa: viyoyozi vikidondosha maji vichochoroni,
ukuta bado una moto wa mchana ukiugusa,
Mmalabari wa dukani akaniinulia kopo la halua nyuma ya kioo,
nikampungia mkono mtupu.
Nikazunguka tena.

Niliporudi hakuna kilicholia.
Nilisimama mlangoni kizani, jasho mgongoni,
nikangoja kidogo,
nisijue nangoja nini.